Pumzi ya Mtu na Haki ya Jirani

Mwezi wa Aprili mwaka 2020, maradhi ya korona yalipokuwa yangali mageni katika nchi ya Kenya, Serikali ilitangaza kanuni zilizomtaka kila aliye mahali pa watu wote avae barakoa ya kufunika mdomo na pua, na asiyetii atozwe faini isiyozidi shilingi 20,000, au afungwe kwa muda usiozidi miezi sita, au apatilizwe kwa adhabu hizo mbili pamoja. Dereva wa lori aliyetoka Lungalunga kwenda Horohoro ya Tanzania, mwendo mfupi kwa barabara ile ile ya pwani, aliiacha faini hiyo nyuma yake akaingia katika nchi isiyokuwa na adhabu ya namna hiyo, nchi ambayo tangu tarehe 29 Aprili ilikuwa imekoma kutangaza hesabu ya wagonjwa, na ambayo mwezi wa Juni Rais wake aliuambia umma kwamba maradhi yameondolewa kwa dua. Bahari ya pande hizo mbili ni moja, lugha ni moja, na jamaa huoana na kuzikana bila kuuliza mpaka ulipopita. Walakini uso wa mtu ulikuwa na hukumu mbili, na kila hukumu ilikuwa na wakili wake aliyeapa kwamba mwenziwe amepotea.

Mawakili wa namna hiyo hawakupatikana Afrika Mashariki peke yake. Katika Marekani, katika Ujerumani, katika Brazil, walisimama watu waliosema kwamba mwili wa mtu ni milki yake, na kwamba dola ikipewa ruhusa ya kumfunika mtu pua leo, kesho haitakosa sababu ya kumfunika macho. Wakajibiwa na wengine kwamba mtu haishi peke yake, na kwamba uhuru usiomjali jirani haustahili jina hilo. Nimeishi na sheria ya afya ya umma kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na kauli zote mbili nimezisikia zikitoka vinywani mwa watu wenye akili timamu, lakini naona kwamba zinapiganwa mbali na mahali penye ugomvi wenyewe. Kwamba mwili ni wa mwenyewe, neno hilo halina shaka. Kwamba jamii ina haki juu ya mtu, neno hilo likiachwa peke yake halina mpaka. Swali lenye kuhukumika ni hili: ni wapi, na kwa muda gani, pumzi ya mtu mmoja humfikia mwenziwe asiyekuwa na njia ya kuikwepa, na mwenye mamlaka ya kuizuia pumzi hiyo, naye anadaiwa nini?

Yafaa kwanza tujue barakoa hufanya kazi gani, maana wengi walioipigania na wengi walioipiga vita walikuwa hawajui. Virusi vya korona hukaa kooni na puani, na mtu anapopumua, anaposema, anapoimba au anapokohoa, hutoka pamoja na hewa matone ya kila kipimo: makubwa huanguka karibu na miguu yake, na yale madogo kabisa huelea kwa dakika nyingi, hasa ndani ya nyumba isiyopitisha upepo. Ajabu ya maradhi haya, na ndiyo iliyoyatenga na ndugu yake SARS aliyezuka mwaka 2002 na kutoweka baada ya muda si mrefu, ni kwamba mtu huwa na uwezo mkubwa wa kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajihisi mgonjwa, na wako wasiojihisi kabisa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo ile hekima ya zamani, ya kumtaka mgonjwa ajitenge na mzima aende shughuli zake, ilikatika mguu, kwa kuwa mgonjwa hakujijua. Barakoa ya kitambaa, na zaidi ile ya hospitali, huyanasa mengi ya matone hayo pale pale yanapotoka, yangali makubwa na yangali na maji. Yakishatoka, yakakauka na kuwa membamba, kuyazuia yasiingie katika pua ya mwingine ni kazi ngumu zaidi, ihitajiyo barakoa ya namna ya peke yake inayobana uso pande zote.

Hapo ndipo barakoa inapoachana na mkanda wa gari na kofia ya mpanda pikipiki, vitu ambavyo watetezi wa amri hawakuchoka kuvitaja. Mkanda humlinda aliyeufunga. Asiyeufunga hujidhuru nafsi yake, na wanasheria waweza kukesha wakibishana kama dola ina haki ya kumlinda mtu na nafsi yake. Mzigo wa barakoa ya kawaida humwelemea avaaye, na faida yake kubwa huwaendea walio mbele yake. Katika nchi ya Denmark, kati ya Aprili na Juni 2020, watafiti waliwagawa watu wazima wapatao 6,000 mafungu mawili, fungu moja likashauriwa kuvaa barakoa za hospitali kila watokapo nyumbani, na la pili lisishauriwe. Walioambukizwa walikuwa asilimia 1.8 katika fungu la kwanza na asilimia 2.1 katika la pili, tofauti ndogo isiyotosha kujengea hukumu. Wapinzani wa barakoa waliupokea uchunguzi huo kwa mikono miwili. Lakini ulipima jambo moja tu, yaani kama avaaye hujilinda mwenyewe katika mji ambao wengine hawavai. Kama jirani zake walisalimika, hilo haukulipima wala haukudai kulipima. Aliyeutumia kuwa burhani ya kwamba barakoa haina maana alikuwa ameuliza habari za mvaaji peke yake, akajibiwa habari za mvaaji peke yake.

Kwa sababu hiyo, hata ukimwita shahidi mkubwa wa uhuru wa mtu binafsi, hutampata upande wa wanaokataa katika kila hali. John Stuart Mill, Mwingereza aliyetoa kitabu chake juu ya uhuru mwaka 1859, aliiruhusu jamii imlazimishe mtu kwa sababu moja tu, nayo ni kuwakinga wengine na madhara yake; kumkinga yeye na nafsi yake hakukuona kuwa ni sababu. Barakoa, kwa namna nilivyoieleza, imo ndani ya ruhusa hiyo. Wala watu wa pwani yetu hawakuhitaji kumngoja Mill. Mafakihi wanayo tangu kale kanuni, itokanayo na hadithi ya Mtume, ya kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana. Na kijana aliyekaa darasani msikitini, ijapokuwa ni kwa muda mchache, amekwisha kusikia habari za Sayyidna Omar, aliyekuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni ya Amwas, akaazimia kurudi, na Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu na kuielekea kadari ya Mungu. Waliowaambia watu mwaka 2020 kwamba kujifunika ni upungufu wa imani walikuwa na deni la kumjibu Omar kwanza.

Lakini hadithi iliyo karibu zaidi na jambo letu ni ile ya merikebu, iliyopokewa kutoka kwa Nuuman bin Bashir. Abiria walipiga kura, wengine wakapata sitaha ya juu na wengine chini. Wa chini kila walipotaka maji iliwapasa kupita kwa walio juu, hata wakasema kwamba afadhali watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe kuliko kuwaudhi wenzao. Wakiachwa, wataghariki wote. Wakishikwa mikono, wataokoka wote. Mahatibu wengi hukomea hapo, na kuifanya hadithi hii kuwa ni amri kwa wa chini wanyamaze. Mimi kila niisomapo huzuiwa na neno ambalo wao hulipita mbio, nalo ni kwamba watu wa chini hawakuwa wahuni. Walikuwa na kiu. Basi aliye juu, mwenye haki ya kuushika mkono uliobeba shoka, ana wajibu wa kuteremsha ndoo, na akishika mkono bila kuteremsha ndoo atakuwa ameiokoa merikebu kwa siku hiyo tu, kwa maana kiu haikuondoka. Haki ya kulazimisha na wajibu wa kusaidia ni deni moja lenye pande mbili, na sehemu kubwa ya makosa ya miaka ile ilitendwa na serikali zilizodai upande mmoja na kuusahau wa pili.

Mahali pa kuyapima maneno haya ni kivuko cha Likoni. Mombasa ni kisiwa, na kwa upande wa kusini watu zaidi ya 300,000 huvuka kwa feri kila siku, wengi wao wakiwa wenyeji wa Likoni na Kwale wanaokwenda kutafuta riziki bandarini, viwandani, sokoni na majumbani mwa watu. Asiyeijua feri ya alfajiri na aende akasimame mtelemkoni: umati hukusanywa chini ya paa, lango hufunguliwa, na watu huteremka kwa pamoja hata sitahani, bega kwa bega, kikapu cha samaki kikigusa mkoba wa karani, mtoto aliyebebwa mgongoni akipumua shingoni mwa mtu asiyemjua. Safari yenyewe ni ya dakika chache, lakini kungoja kwaweza kuchukua saa, na hakuna awezaye kusema kwamba ameuona umati ni mkubwa, kwa hiyo atavuka kwa njia nyingine. Njia nyingine, kwa mtu wa miguu, ilikuwa ni kuogelea. Hapo jirani hana hiari. Njaa yake imemshurutisha kuvuta hewa iliyotoka katika kifua cha mwingine, na mwenye kudai uhuru wa kuacha uso wazi mahali hapo anadai, kwa hakika, uhuru wa kumwamulia mwenziwe. Amri ya barakoa juu ya feri naiona ni ya haki kabisa, na sioni haya kuitetea mbele ya mpenda uhuru yeyote.

Kanuni ile ile, hata hivyo, na faini ile ile, ilimhusu pia mkwezi wa minazi anayetembea peke yake katika njia ya Msambweni, upepo wa kusi ukimpiga usoni, kwa kuwa njia ni mahali pa watu wote na kanuni haikubagua. Huyo alimdhuru nani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 24, haikubali haki ya mtu ipunguzwe ila kwa kadiri ya haja, na humtaka apunguzaye aangalie kwanza kama haiko njia nyepesi zaidi ya kufikia makusudio yale yale. Ibara hiyo ina jamaa zake wa mbali. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la mchungaji Henning Jacobson, wa mji wa Cambridge katika jimbo la Massachusetts, aliyekataa kuchanjwa ndui akatozwa faini ya dola 5. Na Jaji John Marshall Harlan, aliyeandika hukumu kwa niaba ya wenziwe walio wengi, alishikilia kwamba uhuru wa Katiba si ruhusa ya kila mtu kufanya apendavyo bila kujali madhara ya wengine. Sehemu hiyo ya hukumu hutajwa na kila serikali. Isiyotajwa sana ni ile aliyoonya kwamba amri ya afya yaweza kupita mpaka, ikawa ya kionevu na kuzidi haja ya usalama wa watu, na hapo mahakama zitakuwa na wajibu wa kuingilia. Mkwezi wa Msambweni angefaa kuipata sehemu hiyo ya pili imeandikwa kwa herufi kubwa.

Kuna jambo jingine la kivuko cha Likoni lisilofaa kusahauliwa. Alasiri ya tarehe 27 Machi 2020, siku ambayo kafyu ilikuwa ianze saa moja usiku, maelfu ya watu walisongamana kivukoni wakitaka kufika makwao kabla ya saa hiyo, na askari wakawapiga na kuwarushia vitoa machozi. Watu walioambiwa wasikaribiane wakakimbia wakikanyagana, wakikohoa, wakifuta macho kwa mikono waliyoambiwa wasiipeleke usoni. Amri iliyotolewa kwa ajili ya pumzi za watu ilianza kwa kuzikaba. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Serikali hiyo hiyo ikafungua daraja la kuelea la Liwatoni, la watu wa miguu, ili kupunguza msongamano wa feri. Na hiyo ndiyo ndoo ninayoisema, iliyowafaa wavukaji kuliko virungu vyote vya siku ile.

Wengi hudhani kwamba ugomvi huu ni wa zama zetu. Mwezi wa Oktoba 1918, homa kubwa ya mafua ilipoingia San Francisco, baraza la mji lilipitisha sheria ya barakoa yenye faini ya kuanzia dola 5 hadi 100, au kifungo cha siku 10; na kwa kuwa vita kuu ilikuwa haijamalizika, watu walitii kwa ghera ile ile ya kununua hati za mkopo wa vita, na asiyevaa alihesabiwa kuwa mzembe mwenye kuwasaliti wenziwe. Ghera hiyo ilikuwa na ukali wake, maana kabla mwezi haujaisha ofisa mmoja wa afya alimpiga risasi mhunzi aliyegoma kuvaa, na wapita njia wawili wakajeruhiwa pamoja naye. Tarehe 21 Novemba, saa sita mchana, ving'ora vililia kutangaza ruhusa ya kuvua, na barakoa zikatapakaa njiani. Mwezi wa Januari maradhi yakarejea, amri ikarejea nayo, lakini utii haukurejea: watu zaidi ya 2,000 walikutana katika ukumbi mmoja mkubwa chini ya chama cha kupinga barakoa, kilichoongozwa na mwanasheria mwanamke, Bibi E. C. Harrington, na tarehe 1 Februari 1919 amri ikaondolewa. Mji ulikuwa umepoteza watu zaidi ya 3,000 katika msimu ule.

Mimi sikicheki chama kile. Baadhi ya waliohudhuria walisema tu kwamba hawataki kuamrishwa, na hao tuwaache. Lakini wengine waliomba dalili, na ombi lao lilikuwa na nguvu kuliko walivyojua. Barakoa za siku zile zilikuwa za shashi nyepesi yenye matundu, na sheria iliwataka watu wazivae njiani penye upepo wa bahari huku ikiwaruhusu kuzivua hotelini, walipokaa kwa meza zilizobanana wakila na kucheka. Meya wa mji, James Rolph, alikuwa amepigwa picha akitazama mchezo wa ngumi uso wazi. Akatozwa faini, na mganga mkuu wa mji, Dakta William Hassler, akatozwa pia. Faini hizo zilikuwa ni insafu nzuri, lakini hazikurudisha kilichopotea, kwa kuwa raia walikwisha kumwona mwenye amri anavyoiamini amri yake. Kosa la chama kile lilikuwa hili, kwamba baada ya kuuliza swali la haki hawakungoja jibu. Walitaka kuvua, wakavua.

Kenya nayo ilikuwa na picha zake za ngumi, ila kwetu zilipigwa katika mikutano ya siasa. Katika mwaka huo huo ambao mchuuzi alikamatwa kwa barakoa iliyoshuka kidevuni, viongozi wa pande zote walisimama juu ya magari mbele ya maelfu ya watu waliobanana, nyuso wazi, vipaza sauti vikipita mkono kwa mkono, hata Novemba 2020 Rais akalazimika kupiga marufuku mikutano hiyo. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa mjini kilikuwa shilingi 13,500 na kidogo zaidi kwa mwezi, na hicho ni kwa yule aliyekuwa na kazi ya mshahara. Basi faini ya shilingi 20,000 ilipita jasho la mwezi mzima, na kwa mchuuzi asiye na mshahara ilikuwa ni jina jingine la kifungo, au la maongezi ya pembeni kati yake na askari. Mwezi wa Agosti wakuu wa shirika la Serikali lililonunua vifaa vya kujikinga wakasimamishwa kazi kwa tuhuma za manunuzi hayo. Mtu aliyesoma habari hizo asubuhi na kukamatwa jioni alikuwa na hoja, hata kama hakuwa na barakoa.

Matokeo ya faini ile niliyaona kwa macho kwenye mlango wa ofisi moja ya umma mjini Mombasa. Bawabu hakuruhusu mtu kuingia bila barakoa. Nje ya mlango walisimama watu waliotoka nyumbani bila kuwa nayo, nao walimngoja anayetoka. Mzee mmoja mwenye kofia ya vito alipomaliza haja yake akavua barakoa yake, iliyokuwa imelowa jasho na mate, akamkabidhi kijana aliyekuwa wa kwanza katika safu; kijana akaivaa vivyo hivyo, akaingia, na bawabu akamkaribisha. "Ahsante, babu," alisema kijana, na mzee akajibu, "Usinirudishie, mwanangu, mpe mwenzio." Wema wa watu wale haukuwa na kasoro, na utii wao kwa sheria ulikuwa kamili, sheria iliridhika na maradhi yakaridhika. Hii ndiyo khatari ya shuruti isiyokuwa na mafunzo, kwamba huzaa watu wanaojikinga na askari, nao wakadhani wamekwisha kujikinga na ugonjwa.

Je, hiari ya ng'ambo ya mpaka ilikuwa bora? Wapo wanaoitaja Tanzania kuwa ni mfano wa watu walioachiwa uhuru wao, nami sikubali. Hiari hutanguliwa na habari. Ibara ya 18 ya Katiba ya nchi hiyo humpa kila mtu haki ya kupashwa habari za matukio yagusayo maisha yake, lakini baada ya hesabu ya mwisho ya mwaka 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, mlango wa habari ulifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtu akaachiwa achague, na cha kuchagulia akanyimwa. Fauka ya hayo kulikuwa na shuruti ya namna nyingine isiyoandikwa katika kanuni yoyote. Mjini Dar es Salaam nilimwona karani mmoja akiikunja barakoa yake na kuitia mfukoni kabla ya kupanda ngazi za ofisi ya mkubwa wake, kisha akaivaa tena aliposhuka, kwa kuwa huko juu aliyejifunika alitazamwa kuwa mwoga au mwenye kueneza taharuki. Januari 2021 maaskofu wa Kanisa Katoliki waliwaonya waumini kwa waraka. Tarehe 17 Februari alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimekwisha kutangaza kwamba ameambukizwa korona. Na siku nne baadaye Rais Magufuli wa Tanzania alisema kanisani kwamba Serikali haijakataza barakoa, ila watu watumie zile zilizotengenezwa nchini. Mkuu wa nchi alipohitaji kusema kwamba hakukataza, ilikuwa dhahiri kwamba wengi walikuwa wamekwisha kufahamu kuwa amekataza. Mpenda uhuru wa kweli angesimama na karani yule wa ngazini, na wachache sana miongoni mwa wapinzani wa barakoa duniani walimkumbuka.

Kati ya rungu na kimya kulikuwa na njia ya tatu, nayo ilijaribiwa kwa hesabu nzuri katika vijiji vya Bangladesh, tangu Novemba 2020 hadi Aprili 2021. Vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000 viligawanywa. Katika nusu yake barakoa zilipelekwa bure majumbani, zikagawiwa masokoni na misikitini, watu wakaelezwa sababu, maimamu na wakubwa wa vijiji wakavaa wao kwanza, na mtu aliyepita bila kuvaa alikumbushwa kwa upole na kupewa nyingine. Uvaaji uliokuwa asilimia 13 katika vijiji vilivyoachwa ulipanda hadi asilimia 42 katika vile vilivyohudumiwa, na wagonjwa wenye dalili waliothibitishwa kwa kipimo cha damu wakapungua kwa asilimia 9 hivi. Na katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, upungufu kwa watu waliopita umri wa miaka 60 ulifika asilimia 35. Barakoa za kitambaa hazikuonyesha faida iliyo dhahiri, jambo ambalo washonaji wetu na mawaziri waliowasifu wangefaa kulijua. Watafiti walijaribu pia kuahidi zawadi kwa vijiji vitakavyovaa sana, na kuwapelekea watu ujumbe wa simu, na vitu hivyo havikuongeza lolote. Jaribio lenyewe halikumtoza mtu faini. Upungufu wa asilimia 9 si muujiza, na aliyeahidi umma miujiza kwa barakoa alijitafutia aibu. Lakini ulipatikana wakati zaidi ya nusu ya watu walikuwa bado hawavai, kwa gharama ya kitu chepesi na ulimi laini.

Nasikia mwenye kuniuliza: ulimi laini utamfanya nini yule asiyesikia kabisa? Wapo, na hesabu yao si kubwa kama kelele zao. Wapo pia walio na udhuru wa haki, ambao amri za haraka hazikuwaona: kiziwi asomaye midomo, ambaye mji mzima ulimfungia mazungumzo kwa siku moja, mtoto mdogo, mwenye pumu aliyepanda ngazi. Na katika jambo moja wapenda uhuru walikuwa na haki kuliko sisi wanasheria wa afya, nalo ni muda. Amri ya dharura hutungwa kwa usiku mmoja na kuondoka kwake huhitaji miaka. Kenya ilishikilia barakoa katika maeneo ya wazi hata tarehe 11 Machi 2022, karibu miaka miwili, ilhali wajuzi walikuwa wamekwisha kukubaliana kitambo kwamba hatari kubwa imo ndani ya nyumba na vyombo vilivyofungwa. Katika Marekani amri ya barakoa ndani ya ndege na mabasi haikuondolewa na walioitunga. Iliondolewa na jaji wa Florida mwezi wa Aprili 2022, na mwenye amri anayengoja kunyang'anywa na mahakama kitu alichoweza kukiweka chini mwenyewe huwa amewapa wapinzani wake hoja kwa maradhi yatakayofuata.

Nayo yatafuata. Ikiwa nitaulizwa kanuni ya siku hiyo iandikwe vipi, nitaomba iandikwe kwa ufupi. Itaje mahali ambapo jirani hana pa kukimbilia, yaani feri, matatu, wodi ya hospitali, chumba cha mahakama, gereza, na iache njia, shamba na ufuo. Ife yenyewe kila baada ya siku 30 isipohuishwa na Bunge kwa hesabu zilizosomwa hadharani. Mwenye udhuru asikilizwe na tabibu wa zahanati, asisikilizwe na polisi wa zamu. Faini ifutwe, na fedha zilizokuwa zitumike kuwafukuza watu zinunue barakoa za hospitali, zikae kwenye makasha kando ya lango la Likoni, asiyekuwa nayo apewe bila kuulizwa jina. Na anayepewa akaikataa, kwa kuwa uso ni wake na hiari ni yake, asipigwe wala asikamatwe; asubiri feri yenye nafasi akae ukingoni penye upepo, au, ikiwa lipo daraja la watu wa miguu, apite huko.